Masomo ya kiangazi Afrika Magharibi: Mgeni anajifunza, mwenyeji anapata nini?

Kila mwaka vyuo vikuu vya Marekani vinapofunga muhula mwezi Mei, makundi ya wanafunzi hufunga safari kuelekea Accra, Cape Coast, Kumasi, Dakar na Saint-Louis. Hukaa huko kwa wiki chache, aghalabu nne hadi nane, wakisoma historia, ngoma, ufumaji na lugha. Hutembelea ngome za biashara ya utumwa, hula pamoja na familia zinazowapokea, kisha hurejea makwao wakiwa na alama zinazohesabiwa katika shahada zao. Safari hizo hutangazwa kuwa ni masomo ya utamaduni wa Afrika Magharibi katika majira ya kiangazi.

Kiangazi hicho ni cha mgeni. Mwezi Juni, Accra huwa katika kilele cha msimu wake mkuu wa mvua, na Dakar nayo hupata mvua zake kuanzia Julai. Jina lenyewe la programu, basi, limetokana na kalenda ya anayekuja, si ya anayepokea. Hilo ni jambo dogo, lakini linafungua swali kubwa ambalo wasomi wa pande zote mbili wamelijadili kwa miaka mingi: masomo haya yamepangwa kwa manufaa ya nani?

Swali hilo limepata uzito mpya tangu Januari 1, 2026, lilipoanza kutekelezwa tangazo la Rais Donald Trump lililopanua orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia Marekani. Mali, Burkina Faso, Niger na Sierra Leone ziliwekwa katika marufuku kamili. Senegal, Nigeria, Benin, Côte d'Ivoire na Gambia ziliwekewa vizuizi vya sehemu, vinavyogusa pia viza za wanafunzi. Tanzania imo katika kundi hilo la pili. Kwa maneno mengine, kijana wa Marekani anaweza kutua Dakar bila viza na kukaa hadi siku 90, ilhali mwenzake wa Dakar aliyepata nafasi ya kusoma Marekani anakuta mlango umefungwa.

Mkondo uliogeuka

Safari za masomo kati ya Afrika Magharibi na Marekani hazikuanza na Wamarekani. Walioanza kuvuka bahari kutafuta elimu walikuwa Waafrika. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alisoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln, jimboni Pennsylvania, na Kwame Nkrumah akafuata njia hiyo hiyo alipowasili Marekani mwaka 1935. Wote wawili walirudi na fikra zilizosaidia kuung'oa ukoloni, kila mmoja katika nchi yake.

Baada ya Ghana kupata uhuru Machi 6, 1957, mkondo ulianza kwenda pia upande wa pili. Mwaka 1958 shirika la Operation Crossroads Africa, lililoasisiwa na mchungaji Mmarekani mweusi James H. Robinson, lilianza kupeleka vijana wa Marekani Afrika Magharibi kushiriki kazi za mikono bega kwa bega na vijana wenyeji. Baadaye Rais John F. Kennedy aliitaja kazi hiyo kuwa mtangulizi wa Peace Corps, ambayo kundi lake la kwanza lilitua Accra Agosti 1961. Vijana hao waliposhuka kwenye ndege waliimba kwa lugha ya Kitwi waliyojifunza kabla ya safari, jambo lililowafurahisha mno wenyeji wao.

Ghana ya wakati huo haikuwa mwenyeji anayekaa tu kusubiri wageni. Oktoba 1963 Nkrumah alifungua rasmi Taasisi ya Mafunzo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akiitaka imtazame Mwafrika kwa macho ya Kiafrika na kuachana na mazoea ya kitaaluma yaliyorithiwa kwa mkoloni. Msomi W.E.B. Du Bois, aliyehamia Accra mwaka 1961 kwa mwaliko wa Nkrumah ili kuandaa ensaiklopidia ya Afrika, alifariki dunia mjini humo Agosti 1963. Mwandishi Maya Angelou aliishi na kufanya kazi nchini humo katika miaka hiyo, na Malcolm X alizuru mwaka 1964. Mwanamuziki na mtafiti J.H. Kwabena Nketia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza taasisi ya Legon, aliifanya ngoma kuwa somo la chuo kikuu lenye nadharia, maandishi na mitihani yake.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa mjadala wa leo. Katika zama hizo mwenyeji ndiye aliyeamua somo ni lipi na linafundishwaje. Leo, katika programu nyingi za muda mfupi, mtaala huandikwa Marekani, profesa huja na wanafunzi wake, na chuo cha Afrika hubaki kutoa kumbi, vyumba na wahadhiri waalikwa.

Mwezi wa ukimya

Mfano mmoja unaonyesha vyema pengo lililopo kati ya utamaduni unaotangazwa na utamaduni unaoishiwa. Wanafunzi wengi hufika Accra wakitamani kujifunza ngoma. Lakini kila mwaka, kwa takriban mwezi mmoja kati ya Mei na Juni, mamlaka za kimila za jamii ya Ga, wenyeji wa asili wa Accra, hupiga marufuku ngoma na kelele katika eneo lao. Mazao yameshapandwa, na imani ya Waga inataka ardhi na miungu ipewe utulivu mpaka mahindi yaote. Baada ya hapo hufuata sikukuu ya Homowo, ambayo jina lake hubeba maana ya kuizomea njaa. Inaadhimisha ukame na njaa ya kale iliyoshindwa kwa mavuno, na chakula chake maalumu cha unga wa mahindi, kpokpoi, hunyunyizwa ardhini kwa ajili ya wahenga.

Ukimya huo si mapambo ya kitalii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulizua mapambano kati ya vijana wa Ga na baadhi ya makanisa yaliyokataa kunyamazisha ala zao wakati wa ibada. Serikali ililazimika kuingilia kati na kutafuta mapatano kuhusu viwango vya sauti. Ndani ya mgogoro huo mna masuala mazito ya Ghana ya leo: nani ana mamlaka juu ya mji mkuu, mila ina nguvu gani mbele ya katiba, na jamii ya Ga, ambayo ardhi yake imemezwa na jiji, inabakiwa na nini cha kuiita yake.

Mwanafunzi anayefika Juni anaweza kulifunza somo hilo kwa kukaa kimya na kuuliza kwa nini. Anaweza pia asilione kabisa, iwapo ratiba yake imeshapangwa kumpeleka moja kwa moja kwenye darasa la ngoma nje ya eneo la marufuku. Ubora wa programu hupimika hapo: je, inamfundisha mgeni kuisoma nchi kama ilivyo, au inamwonyesha kile alichoahidiwa kabla hajaondoka kwao?

Ngome, kumbukumbu na kumbukumbu za maandishi

Hakuna ziara inayobeba uzito kuliko ile ya ngome za pwani. Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482. Cape Coast ikawa kitovu cha Waingereza katika biashara ya watumwa. Ngome hizo ziko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979, mwaka mmoja baada ya kisiwa cha Gorée nchini Senegal. Njiani kati ya Kumasi na pwani kuna Assin Manso, penye mto ambamo mateka waliogeshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa melini. Mwaka 1998, Ghana ilipoadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Ukombozi wa Watumwa, mabaki ya watu wawili waliokuwa watumwa, mmoja kutoka Marekani na mwingine kutoka Jamaica, yalirejeshwa na kuzikwa hapo.

Kwa wanafunzi weusi wa Marekani, hii si safari ya kawaida ya masomo. Ndiyo maana Ghana iliutangaza mwaka 2019 kuwa Mwaka wa Kurejea, miaka 400 baada ya Waafrika wa kwanza kufikishwa Virginia mwaka 1619. Lakini mapokezi nayo yana mitihani yake. Wengi hushangaa kuitwa *obruni*, neno la Kitwi linalotumika kwa mgeni au mtu mweupe, kama vile Mmarekani mweusi anavyoweza kuitwa mzungu mitaani Dar es Salaam au Nairobi. Msomi Saidiya Hartman ameieleza hali hiyo kwa kina katika kitabu chake *Lose Your Mother* cha mwaka 2007, kilichotokana na utafiti wake nchini Ghana. Anaonyesha kwamba anayerudi na anayempokea hawabebi kumbukumbu moja ya utumwa.

Sababu ipo. Katika familia nyingi za Ghana, asili ya mtu aliyeingia ukoo kama mtumwa ni jambo lisilosemwa hadharani. Mwanahistoria Akosua Perbi wa Chuo Kikuu cha Ghana ameandika historia ya utumwa wa ndani, akionyesha namna mateka walivyouzwa, kutumikishwa na kuingizwa katika koo za wenyeji. Soko la Salaga, kaskazini mwa nchi, lilivuma katika karne ya 19, wakati biashara ya kuvuka bahari ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na Uingereza. Programu inayoishia pwani humpa mwanafunzi mlango wa kutokea bila kumwonyesha njia iliyoelekea kwenye mlango huo.

Gorée nayo ina somo lake. Kwa miongo mingi mtunzaji wa Nyumba ya Watumwa, Boubacar Joseph Ndiaye, aliyefariki mwaka 2009, aliwaeleza wageni kuwa mamilioni ya mateka walipitia kisiwani hapo. Katika miaka ya 1990 wanahistoria waliipinga hesabu hiyo. Utafiti unakadiria kuwa watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvuka Atlantiki, na kwamba bandari zilizotoa wengi zaidi zilikuwa kwingineko, kama Luanda nchini Angola na Ouidah katika Benin ya leo. Nyumba yenyewe ilijengwa miaka ya 1770 ikiwa makazi ya mfanyabiashara. Hoja hiyo haikipunguzii kisiwa hadhi yake kama mahali pa maombolezo. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaufahamu mjadala wa namna hiyo kutokana na Mkunazini, Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa mahali pake, na ambako vyumba vinavyoonyeshwa kwa watalii vimetiliwa shaka na watafiti. Mwanafunzi anayefundishwa kutofautisha kati ya kumbukumbu ya jamii na ushahidi wa nyaraka, na kuziheshimu zote mbili, huondoka na elimu. Anayefundishwa moja tu huondoka na machozi au na takwimu.

Siku ya tatu mpe jembe

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika masomo ya utamaduni, jembe ni lugha. Wiki sita zinatosha kujifunza salamu za Kiwolof, ambazo katika Senegal huchukua muda na hazirukwi. Hazitoshi kumwelewa *géwël*, mlinzi wa nasaba na historia ya koo, anaposifu au kukejeli katika sherehe. Msikilizaji wa taarab au wa malenga wa Lamu anajua kwamba anayeyashika maneno bila mafumbo yake hajasikia kitu.

Vipo vituo vilivyolitambua hilo. Katika kijiji cha Kopeyia, karibu na mpaka wa Ghana na Togo, kituo cha Dagbe, kilichoasisiwa na mpiga ngoma Godwin Agbeli, hupokea wanafunzi wanaoishi kijijini na kujifunza ngoma za Waewe kutoka kwa familia zinazozicheza misibani na katika sherehe. Huko Medie, nje kidogo ya Accra, Bernard Woma, bingwa wa *gyil*, ambayo ni marimba ya Wadagara, aliyefariki mwaka 2018, aliacha kituo cha muziki kinachofuata njia kama hiyo. Vituo hivi vilianzishwa na wenyeji, walimu wake ni wa hapo hapo, na mgeni huingia katika ratiba ya kijiji badala ya kijiji kuingia katika ratiba yake.

Tofauti na hapo ni ziara ya siku moja ya Bonwire, kijiji cha ufumaji wa kente karibu na Kumasi. Mgeni hukaa kwenye kitanda cha mfumi, hurusha mwano mara mbili tatu, hupigwa picha, hununua skafu na kuondoka. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kente katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo imekuja wakati vitambaa vya viwandani vilivyochapwa michoro ya kente vinauzwa kwa bei ambayo mfumi wa mkono hawezi kuifikia. Somo la uchumi wa utamaduni lipo pale pale kwenye kitanda cha mfumi, lakini linahitaji zaidi ya saa moja.

Hesabu ya fedha

Upande wa fedha ndio usiozungumzwa sana. Mwanafunzi hulipa ada kwa chuo chake au kwa kampuni inayoandaa safari, na sehemu kubwa ya malipo hayo hubaki Marekani kama gharama za masomo, bima na usimamizi. Nauli huenda kwa mashirika ya ndege. Kinachofika Accra au Dakar hugawanywa kati ya chuo mwenyeji, familia zinazolaza wageni, madereva, waongozaji na wasanii wanaofundisha kwa malipo ya saa. Kwa familia na wasanii hao kipato hicho ni cha maana. Lakini ni kipato cha msimu, kisicho na mkataba wa kudumu, na kinaweza kukatika kwa uamuzi wa ofisi iliyo mbali.

Mwaka 2014 ulithibitisha hilo. Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone, baadhi ya vyuo vilifuta safari zao za Ghana na Senegal pia. Ghana haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na Senegal ilikuwa na mmoja tu, aliyepona. Mali nayo, yenye hazina kubwa ya kora, balafoni na hati za Timbuktu, ilitoweka kwenye ramani ya programu nyingi baada ya mapinduzi na vita vya mwaka 2012. Katika hali zote hizo walimu wenyeji walipoteza msimu, na aghalabu hawakuwa na chochote cha kudai.

Ni vyema pia kukumbuka udogo wa sekta yenyewe. Zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaosoma nje ya nchi yao huenda Ulaya. Afrika kusini mwa Sahara hupata chini ya asilimia tano. Anayechagua Accra mahali pa Florence au London mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuwa na nia. Hao ndio baadaye huwa walimu wa historia ya Afrika, wanadiplomasia na wafasiri. Kuzifuta safari hizo kwa sababu zina kasoro kungeifanya Afrika ijulikane kidogo zaidi ya inavyojulikana sasa.

Mlango wa upande mmoja

Tishio la sasa, hata hivyo, halitoki kwa wakosoaji. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta mashindano ya mwaka huo ya ruzuku za Fulbright-Hays, zilizotokana na sheria ya mwaka 1961. Ruzuku hizo zimewahi kugharimia wanafunzi na walimu kujifunza Kiyoruba nchini Nigeria na Kiswahili nchini Tanzania, kwa muda mrefu na kwa kina kuliko safari za kulipiwa na wazazi. Athari yake iko wazi: fedha za umma zikikauka, hubaki zile programu fupi ambazo mwenye uwezo hujilipia, na mwanafunzi maskini wa Marekani, hasa mweusi, huachwa nyuma. Tayari wanafunzi weusi ni wachache miongoni mwa wanaosoma nje ikilinganishwa na idadi yao vyuoni.

Viza nazo zimegeuka suala la heshima ya nchi. Mali na Burkina Faso zilijibu marufuku ya Washington kwa kutangaza kuwa raia wa Marekani watatendewa vivyo hivyo. Senegal na Benin zina mengi ya kupoteza iwapo zitafuata njia hiyo, kwa kuwa utalii wa kumbukumbu ni sehemu ya mipango yao ya uchumi. Lakini kuendelea kupokea bila kudai chochote kuna gharama yake: vijana wa nchi hizo watazidi kuona kwamba utamaduni wao unakaribishwa darasani, ila wao wenyewe hawakaribishwi.

Vyuo vya Afrika Magharibi bado vina nafasi ya kubadili masharti. Kwanza, vinaweza kudai kwamba kila kundi la wageni lisome katika darasa moja na wanafunzi wenyeji, kwa mtaala ulioandikwa kwa pamoja na kwa alama zinazohesabiwa pande zote. Pili, mikataba na wasanii na familia inaweza kuandikwa kwa miaka kadhaa, ikiwa na fidia pale safari inapofutwa. Tatu, sehemu ya ada inaweza kutengwa kugharimia safari za wanafunzi Waafrika. Pale Marekani inapowakatalia, wanaweza kupelekwa katika nchi nyingine za bara hili.

Hoja hiyo ya tatu inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kiswahili kinafundishwa Legon, lakini wanafunzi wake wana fursa chache za kufika Zanzibar au Mombasa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma kuhusu himaya ya Mali aghalabu humaliza shahada bila kukanyaga Afrika Magharibi, kwa kuwa nauli ya kwenda Dakar inaweza kuzidi ile ya kwenda Ulaya. Vyuo vya Arusha na Zanzibar vinavyopokea wageni wa Kimarekani kila mwaka vina uzoefu ule ule wa Accra na Dakar, na vina sababu ile ile ya kuketi pamoja na kupanga masharti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Kwa zaidi ya nusu karne Afrika Magharibi imetimiza sehemu ya kwanza ya msemo huo kwa ukarimu usio na mfano, ule ambao Wasenegali huuita *teranga*. Sehemu ya pili inategemea mikataba itakayotiwa saini kabla ya kundi lijalo kupanda ndege.